Shule za Kikristo za wavulana: kabla hujalipia fomu, omba kuona ratiba ya Kidato cha Nne

Mzazi wa Kimara (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Msimu wa fomu ndio huu. Kijana wangu anamaliza la saba, na nyumbani tumeshakubaliana aende shule ya kanisa ya wavulana, bweni. Mada ya serikali au binafsi ina nyuzi zake humu na watu wameshatukanana huko vya kutosha, tusiirudie. Naleta jambo moja tu: hii ahadi ya kumlea mtoto "mwili, akili na roho" ambayo kila shule ya aina hii imeichora getini, ubavuni mwa basi na mgongoni mwa fulana za michezo.

Ukifika ofisini unakabidhiwa kipeperushi cha karatasi inayong'aa. Ndani kuna bwawa la kuogelea, kinanda, vijana waliovaa makoti meupe wakitazama chupa ya maji ya bluu, padre au mchungaji anacheka na watoto, na timu ya mpira iliyopigwa picha siku jezi zilipofika. Ukifunika nembo kwa kidole huwezi kujua ni shule ipi. Mzazi anaondoka kafurahi, analipia fomu, anaanza kuulizia bei ya tranka Kariakoo.

Mimi kipeperushi nakipokea, nashukuru, halafu naomba kitu kingine: ratiba ya Kidato cha Nne. Ya muhula huu, ile inayofuatwa.

Ya Kidato cha Kwanza haina maana, kwa sababu Kidato cha Kwanza kila shule inacheza. Njuka wana muda, mtihani wa taifa uko mbali, wanaimba kwaya, wanapanda miti, wanapelekwa Bagamoyo kuona makumbusho. Kidato cha Nne ndipo shule inapobanwa, na hapo ndipo inapochagua nini kibaki na nini kitupwe.

Kuna shule moja, siitaji, mwalimu wa taaluma alinipa hiyo ratiba bila kusita, tena kwa fahari. Kuamka saa kumi alfajiri. Prepo, yaani kujisomea. Ibada. Vipindi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi mpaka kumi na mbili "masomo ya ziada". Chakula, kisha prepo tena mpaka karibu saa tano usiku. Jumamosi mtihani wa wiki, Jumapili baada ya misa "marudio". Kwenye kisanduku cha Jumatano jioni palikuwa na baka la wino mweupe wa kufutia, na juu yake mtu ameandika Hesabu kwa mkono. Nikaielekeza karatasi dirishani. Chini ya lile baka neno lilisomeka vizuri tu: MICHEZO.

Kijana wa miaka 16 analala saa tano anaamka saa kumi, mwaka mzima. Mwili hapo unalelewa na nani? Hata hiyo akili wanayoipigania inahitaji usingizi ili kilichosomwa mchana kikae.

Watu wanadhani wazo lenyewe ni ubunifu wa wafanyabiashara wa elimu. Si kweli. Karne ya 19 kule Uingereza walikuwepo Wakristo walioamini kwamba uwanja wa michezo unajenga tabia ya kijana sawasawa na kanisa. YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, wakalichora kabisa: mwaka 1891 Luther Gulick, mwalimu wa chuo chao cha Springfield, Marekani, aliwapa nembo ya pembetatu yenye pande tatu za roho, akili na mwili. Desemba mwaka huohuo mwalimu mwenzake pale pale, James Naismith, akatundika vikapu vya kubebea matunda kwenye ukumbi wa mazoezi ili vijana wapate mchezo wa ndani wakati wa baridi. Mpira wa kikapu ukazaliwa hivyo. Ukipita kituo cha vijana cha Don Bosco pale Upanga jioni ukakuta vijana wanarusha mpira, mchezo huo umetoka kwenye hoja ya kidini. Hao watu hawakuweka michezo ili kupamba kipeperushi.

Kwetu hoja hiyo ililetwa na wamisionari. Pugu ilikuwa St. Francis ya Wakatoliki, na hapo jirani Kisarawe kuna Minaki, iliyokuwa St. Andrew's ya Waanglikana wa misheni ya UMCA. Pugu ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, mpaka alipoacha kazi 1955 kwa ajili ya TANU. Benjamin Mkapa naye alisoma pale. Nyerere huyohuyo, aliyezijua shule za misheni kwa ndani, mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea, akilalamika kwamba shule tulizorithi zinamtenga kijana na jamii yake na kumfanya aidharau kazi ya mikono. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za madhehebu mikononi mwa serikali, seminari zikaachwa. Makanisa yakarudi kwa kasi kwenye sekondari miaka ya tisini, baada ya makubaliano yao na serikali ya 1992 na sera ya elimu ya 1995 iliyofungulia watu binafsi milango.

Hapo ndipo naona kiini cha tatizo. Nyingi ya hizi tunazozunguka leo si watoto wa zile za zamani, zimezaliwa sokoni. Ada yangu na yako ndiyo mshahara wa mwalimu, na kilichokuwa kinazipandisha bei ni orodha ya shule kumi bora ya NECTA, baraza la mitihani la taifa. Januari 2023 NECTA wakaacha kuitangaza. Nilidhani shule zitapumua. Badala yake kila moja imejitungia orodha yake: mabango njia nzima, sura za watoto na "Daraja la I, pointi 7", yaani ufaulu wa juu kabisa. Sijaona bango la kijana aliyeshika gitaa au jembe.

Halafu kuna mchujo. Shule inasema inalea mtoto mzima, ila kwenye fomu ya kujiunga, ukurasa wa nyuma, kuna wastani wa kuvuka darasa. Ukipungua unakariri darasa au unahama. Serikali imekemea na kukemea, siku hizi umebadilishwa jina unaitwa "ushauri kwa mzazi". Yule kijana aliyeondolewa Kidato cha Tatu kwa wastani wa 48 huenda ndiye aliyekuwa anapiga kinanda kwenye misa. Roho yake imehamishiwa wapi?

La mwisho ni dobi. Shule za ada kubwa zinajisifu kwamba nguo zinafuliwa kwa mashine na gharama imo ndani ya ada. Mimi hilo ndilo linaloniondoa. Nataka kijana afue shati lake Jumamosi, akwangue sufuria, ashike fyekeo. Shule ya wavulana isiyomfundisha mvulana kufua inamwandalia mateso binti wa mtu.

Naomba uzoefu wenu. Wenye malalamiko msitaje majina ya shule, wasimamizi watafunga uzi. Nawasilisha.

Mtu wa Mbagala

Nimeshika kiti cha mbele. Hapo kwenye wino mweupe nimecheka mpaka konda kanigeukia.

Chaki na Vumbi

Mkuu, mimi ni mwalimu wa Baiolojia kwenye shule ya aina hiyohiyo. Nikupe siri: hata hiyo ratiba ya Kidato cha Nne utakayoonyeshwa inaweza isiwe yenyewe. Kuna ya ukutani na kuna ya kundi la WhatsApp la walimu. Ya ukutani ina michezo, dini, skauti, klabu ya mazingira, kila kitu, kwa sababu wathibiti ubora wakija ndiyo wanayoisoma. Ya WhatsApp inatumwa Jumapili usiku, na hiyo ndiyo tunayofundishia.

Ukitaka ukweli toka ofisini, nenda uwanjani. Simama mbele ya goli. Uwanja unaochezwa una upara pale anaposimama golikipa, nyasi haziwezi kuota. Ukikuta nyasi zimestawi mpaka kwenye mstari wa goli, hapo hakuna mpira, kuna bustani. Omba wakufungulie stoo ya michezo, ubonyeze mipira kama ina upepo. Kinanda kifunue mwenyewe ugonge. Cha kwetu vitufe vya katikati vilishakufa zamani, na kwenye kipeperushi bado kinang'aa.

Ila tusiwatupie wenye shule peke yao. Tulipata mkuu mpya, bruda, akarudisha michezo kwa Kidato cha Nne, Jumatano na Ijumaa. Kikao cha wazazi kilichofuata, wa kwanza kusimama akasema: "Silipi mamilioni mwanangu akakimbize mpira, mpira hata Tandale upo." Ukumbi mzima makofi. Muhula uliofuata Ijumaa ikaondoka. Na sisi walimu nasi tuna bei yetu, tuseme ukweli. Kila A ya somo lako ina motisha yake. Kijana aliyekuwa na kigugumizi akaingia maigizo akaanza kusimama mbele ya watu, huyo hana motisha. Mwalimu wetu wa muziki aliongezewa vipindi vya Uraia "kwa muda", mwisho akabaki na Uraia tu, kwaya ikachukuliwa na mlinzi. Na mlinzi anaimbisha vizuri, simdharau.

Mzazi wa Kimara

Chaki, hiyo ya upara wa golini naichukua kama ilivyo. Hao waliopiga makofi nawafahamu, tunakaa nao benchi moja kanisani.

Baba Ilham

Mimi ni Muislamu na vijana wangu wamepita shule ya kanisa ya wavulana. Tuko wengi jijini, tusijifiche. Nilifuata masomo, nidhamu na bweni safi.

Nilichouliza mimi siku ya kwanza ni Ijumaa. Mkuu wa shule, padre, akanijibu bila kuzunguka: swala ya Ijumaa wanatoka na mwalimu, wanasaini daftari getini kwenda na kurudi. Asubuhi kijana anakaa kwenye mkusanyiko na wenzake, hapigi goti wala haimbi, hakuna atakayemgusa. Ramadhani jikoni walikuwa wanabakiza chakula cha daku kwenye hotpoti. Aliyekuwa anamwamsha mwanangu kula daku ni kijana wa Kikristo wa kitanda cha juu, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri huko Moshi, alikuwa anaweka saa yake ya mkononi ilie. Mpaka leo wanaitana ndugu.

Shule nyingine tuliyopita kabla ya hapo walitaka nisaini kwamba atahudhuria kila ibada, na akikosa anafyeka. Katiba yetu ibara ya 19 inasema mambo ya ibada ni hiari ya mtu. Sikubishana nao, nilichukua faili langu nikaondoka.

Kwa hiyo mleta uzi, kwenye hiyo pembetatu yako upande wa roho nao una namna yake ya kuukagua. Uliza anayekosa ibada anafanywa nini. Wakikutajia adhabu, jua pale ibada ni kuhesabu watu.

Mama Watatu

Mmeongelea mpira na kinanda, wanaume bwana. Mimi nauliza mtoto wangu analala chini ya uangalizi wa nani. Usiku bwenini kuna patroni au kuna kiranja wa Kidato cha Sita? Akiumwa saa nane usiku nani anafungua mlango? Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na haikufanya hivyo kwa kupenda. Wa sekondari nao ni watoto.

Na hili swali ulizeni wote: mwalimu wa ushauri nasaha ni nani? Nilikouliza mimi nilioneshwa mwanaume mmoja mrefu, mpole kwa sura. Nikauliza, na mwalimu wa nidhamu? Wakanionesha huyohuyo. Sasa mtoto anayeonewa na wakubwa aende akamwambie mtu ambaye asubuhi alimchapa? Wavulana wanafundishwa mapema kwamba mwanaume halii, ukiwaweka mia kadhaa pamoja bila mtu wa kumwambia siri, kinachowapata hutakijua mpaka ameshakuwa mtu mzima. Wasichana angalau wanaandikiana barua.

Kiranja Mstaafu

Dada Mama Watatu, umegusa. Nilikuwa kiranja wa bweni kwenye shule ya namna hii, nje kidogo ya jiji. Tulipewa mamlaka makubwa kuliko umri wetu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na iandikwe kwenye daftari. Kwetu viranja tulikuwa na fimbo zetu, zinakaa juu ya makabati. Daftari sikuwahi kuliona. Mzazi akiomba kuliona anaonekana mkorofi, ila lipo kisheria, ombeni.

Kilichonishangaza baadaye ni kumsoma Don Bosco, padre wa Italia wa karne ya 19. Shule yetu haikuwa ya shirika lake, ila sala zake tulikuwa tunasalishwa. Mwaka 1877 alieleza mfumo wake wa kuwalea vijana kwa kuzuia kosa badala ya kulisubiri: akili, dini na upendo. Mlezi anatakiwa kuwa katikati ya vijana, uwanjani, anacheza nao, anawajua kwa majina. Adhabu za kupiga alizikataa. Huyo ndiye mlezi wa wavulana ambaye kanisa lenyewe lilimtangaza mtakatifu mwaka 1934. Kwa hiyo mkuu wa shule akikwambia fimbo ni maadili ya Kikristo, mwambie amsome mtakatifu wake.

Nisiseme mabaya tu. Mdahalo wa Alhamisi usiku ndio ulionifanya mtu. Mada zinabandikwa ubao wa matangazo Jumatatu, unapangwa upande usiokuwa wako, unasimama mbele ya shule nzima na suruali inatetemeka. Leo nasimama mahakamani nalipwa kwa kufanya kitu kilekile. Daraja langu la Kidato cha Nne hakuna mteja aliyewahi kuliulizia.

Mtaka Ajira

Nyuzi za walioshiba hizi. Mtoto akipata pointi 7 anapata kombi ya maana Kidato cha Tano, PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) au PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), anapata chuo, anapata mkopo. Hicho kinanda kitamlipia nini? Shule ina miaka minne tu, ijaze kichwa, mwili na roho ni kazi ya baba na mama. Na mkitaka michezo, Hasheem Thabeet aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009 alipita Makongo, shule ya jeshi. Hakuhitaji padre.

Chaki na Vumbi

Mtaka Ajira, umenisaidia bila kujua. Makongo ilijijengea jina kwa michezo kwa sababu jioni walikuwa wanacheza kweli. Thabeet alianza kikapu akiwa ameshakuwa kijana mkubwa, shuleni. Angekuwa kwetu saa hizo angekuwa kwenye "masomo ya ziada" na urefu wake wote ule, amekaa dawati la nyuma asiwazibe wenzake ubao.

Hiyo ya mwili na roho ni kazi ya baba na mama ingekuwa sawa kama mtoto angekuwa anarudi nyumbani jioni. Umemkabidhi mtu mtoto kwa miezi, halafu unasema malezi ni yako. Utamlea kwa simu?

Mtaka Ajira

Sawa mwalimu, nimekusikia. Lakini mkopo hautolewi kwa kuimba.

Babu wa Kajiungeni

Vijana, mmetaja Pugu, nimeona niseme. Nilisoma pale ikiwa imeshakuwa ya serikali, miaka ya sabini. Msizitengenezee shule za misheni umalaika. Zilikuwa za wachache waliochujwa, na vijana wengi wa vijiji vya pale pale Uzaramo hawakuwahi kukalia dawati lake. Mchujo mnaoulalamikia si mpya, zamani ulifanyika mlangoni.

Mleta uzi anataka mwanawe ashike fyekeo. Vizuri. Sisi tulilima, tulifuga, Elimu ya Kujitegemea haikuwa maneno. Lakini nikuambie ilivyoharibika. Kwanza shamba lilikuwa zamu: bweni hili leo, lile kesho, na mwalimu yumo ndani ya tuta kajikunja, anatoka jasho kama ninyi. Baadaye walimu wakabaki kivulini. Halafu shamba likawa adhabu. Ukichelewa kengele, matuta mawili. Ukiongea Kiswahili darasani, matuta mawili. Ukishamfundisha kijana kwamba jembe ni la mkosaji, atalikimbia maisha yake yote, na ndicho kilichotokea. Nina wajukuu hawawezi kupanda mchicha.

Basi usiulize kama shule ina shamba. Uliza nani yuko shambani leo, na kwa nini yuko pale. Akikujibu "hao walichelewa ibada", panda gari yako.

Na huu mtaala mpya ulioanza 2024 una mkondo wa amali, kijana anamaliza Kidato cha Nne ana ufundi mkononi. Hapo shule za kanisa zingekuwa mbele, maana karakana na mashamba ndiyo ilikuwa asili yao. Wazazi ninaowasikia huku kwetu wakisikia amali wanasema ni ya wasiojua kusoma. Hao ndio wa makofi, nadhani.

Mzazi wa Kimara

Shikamoo babu. Hilo la zamu na adhabu sikuwa nimelifikiria kabisa, na nadhani ni zito kuliko la dobi.

Babu wa Kajiungeni

Marahaba. Dobi naye mwache ale.

Mtu wa Mbagala

Swali la kizushi: na hawa wavulana watupu wakitoka wanajua kuongea na binti? Binamu yangu alitoka shule ya wavulana, wa kwanza kumsalimia chuoni alimjibu "shikamoo".

Kiranja Mstaafu

Tulikuwa na mdahalo na shule ya wasichana mara moja kwa mwaka. Wiki nzima kabla ya hapo pasi ya bweni ilikuwa haipoi. Tulikuwa tunashindwa kila mwaka, maana nusu yetu tulikuwa tumesahau mada.

Mama Watatu

Ndiyo maana mimi nasema liwemo kwenye maswali. Shule ya wavulana yenye walimu wanaume tu, mwanamke pekee wanayemwona ni wa jikoni, inawafundisha kitu kuhusu wanawake bila kufungua kitabu. Niliuliza shule moja mwalimu wa Fizikia ni nani, wakaniambia sista. Alama hapo walipata.

Mzazi wa Kimara

Mrejesho, wakuu. Jumamosi tulikwenda, mimi na mama yake. Shule ndogo, haina bwawa, kipeperushi chao ni karatasi ya kutoa kopi. Golini pana upara. Saa kumi jioni Kidato cha Nne walikuwa nje, wengine wanacheza wavu, wengine wamelala chini ya mwembe, na hakuna aliyewafukuza. Nikamwuliza mkuu wa shule kuhusu masomo ya ziada, akasema yapo, Jumatatu na Alhamisi, "siku nyingine wakibaki darasani wanasinzia, nawalisha bure". Daraja la kwanza wanalo, la pili wengi, la tatu wapo pia, karatasi ya matokeo imebandikwa yote hata walioanguka. Mwalimu wa ushauri si wa nidhamu, Mama Watatu, niliuliza. Daftari la viboko lilitafutwa likapatikana, lina vumbi, nikaona ni dalili nzuri au mbaya, sijui. Shambani palikuwa na mwalimu wa zamu amekunja suruali, babu.

Mama yake hajaridhika na zahanati, kitanda kimoja na nesi anayekuja mchana tu. Ana haki. Tumewaambia, wamesema wanatafuta wa kulala hapo. Tutawauliza tena kabla ya kulipa ada. Fomu nimelipia. Usaili ni baada ya mtihani wa la saba: Hesabu, Kiingereza na Sayansi. Mwenye mitihani yao ya usaili ya miaka ya nyuma aje chemba.

Chaki na Vumbi

Hesabu, Kiingereza na Sayansi. Mwili na roho havina usaili?

Mzazi wa Kimara

Niliuliza hilo. Akasema kijana aje na viatu vya michezo.